Gulio si Bustani: Rangi za Maji za Jack B. Yeats na Upofu wa Wahakiki wa Kijiji

Utangulizi

Jina la Yeats si geni katika idara za fasihi za Afrika Mashariki. Chinua Achebe alichota anwani ya riwaya yake ya mwaka 1958 katika shairi la William Butler Yeats, nayo riwaya hiyo ikafasiriwa kwa Kiswahili na Clement Ndulute mwaka 1973 kwa jina Shujaa Okonkwo. Lakini Yeats anayejulikana ni huyo mmoja tu. Mdogo wake, Jack Butler Yeats (1871–1957), hutajwa, anapotajwa, kama mtu aliyeipamba kwa picha Ireland ile ile ambayo kaka yake aliitungia mashairi. Picha zake za rangi za maji, alizozichora kwa wingi kati ya mwaka 1897 na 1910 hivi, zinaonyesha magulio, mbio za farasi, gati za bandari ndogo, wachuuzi wa barabarani na waimbaji wa mitaani. Msomaji wa haraka hufikia papo hapo hukumu iliyozoeleka: huu ni ulimwengu wa shamba, safi na wa asili, usioguswa na usasa, hii ni roho ya taifa.

Makala haya yanaikana hukumu hiyo. Yanadai kwamba gulio, ambalo ni mojawapo ya nguzo za picha hizo, si bustani ya kutuliza macho bali ni mahali pa bei; kwamba ng'ombe anayeuzwa humo ndiye aliyekuwa kiini cha ugomvi mkali wa ardhi katika miaka ile ile mchoraji alipokuwa kazini; na kwamba mhakiki asiyeiona bei ndani ya picha hajaiona picha. Hoja hii haiwahusu wahakiki wa Ireland peke yao. Mazoea ya kukisoma kijiji kama hazina ya usafi yamekita mizizi hata katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, na madhara yake huko si madogo.

Kambi Mbili, Kasoro Moja

Mjadala kuhusu Jack Yeats una kambi mbili kongwe. Ya kwanza iliasisiwa na Thomas MacGreevy, mshairi na mhakiki aliyekuja kuwa mkurugenzi wa Jumba la Taifa la Sanaa la Ireland mjini Dublin. Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1945, MacGreevy alimtukuza Yeats kama mchoraji wa taifa: mtu wa kwanza kuwachora Waayalandi wa kawaida kwa namna ambayo wao wenyewe wangejitambua. Kambi ya pili iliongozwa na Samuel Beckett, ambaye mwaka huo huo alikihakiki kitabu hicho katika gazeti la The Irish Times. Beckett, aliyempenda sana mchoraji huyo, alipinga kwamba sifa za utaifa zimetiwa chumvi. Kwake, Yeats alikuwa msanii mpweke anayeikabili hali ya kuwepo kwa binadamu, na Ireland ilikuwa mahali alipoanzia tu.

Inafaa kukiri kwamba kila kambi ina ushahidi wake. MacGreevy hakukosea kuona kwamba kabla ya Yeats mkulima wa Ireland alichorwa mara nyingi kama kichekesho au kama kitu cha kuhurumiwa. Beckett naye hakukosea kuona kwamba picha za rangi za mafuta za miaka ya baadaye, ambamo maumbo huyeyuka ndani ya rangi, haziwezi kufungiwa ndani ya bendera. Kasoro ni kwamba kambi zote mbili huziruka rangi za maji kwa namna moja. MacGreevy anamwona mwanakijiji akiwa taifa. Beckett anamwona akiwa nafsi. Hakuna anayemwona akiwa muuzaji. Mtu aliyeamka usiku wa manane, akamswaga ndama wake maili nyingi gizani ili afike mjini kabla ya mapambazuko, anageuzwa kuwa alama ya kitu kingine kabla hajapata nafasi ya kutaja bei yake.

Wafuasi wa kambi hizi wamerithi kasoro hiyo bila kuihoji. Katalogi za maonyesho na vitabu vya picha vimejaa maneno kama "uchangamfu", "ucheshi" na "maisha ya kale yaliyotoweka". Huo si uhakiki. Ni maombolezo ya mtu ambaye hakufiwa.

Gulio kama Taasisi

Ili kuzisoma picha za magulio, sharti kwanza gulio lenyewe lieleweke. Katika Ireland ya mwanzoni mwa karne ya 20, gulio la mifugo lilifanyika katikati ya mji, barabarani na uwanjani, mbele ya milango ya maduka. Yalikuwapo makubwa yaliyosifika nchi nzima, kama lile la farasi la Ballinasloe mwezi Oktoba, au lile la Killorglin mwezi Agosti ambako beberu huvishwa taji. Na yalikuwapo madogo yasiyohesabika. Mapatano yake yalikuwa na kanuni. Mnunuzi alitaja bei ya chini, akageuka kana kwamba anaondoka. Dalali alimvuta mkono akamrudisha. Pande mbili zilipigana viganja kila bei ilipobadilika. Na biashara ilipokwisha, muuzaji alimrudishia mnunuzi sarafu kadhaa kama pesa ya bahati. Mtu aliyekulia karibu na soko la mifugo popote Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa kwamba huu ni mchezo, na kwamba mchezo huu ni wa riziki.

Nyuma ya mchezo huo palikuwa na mfumo. Njaa Kuu ya mwaka 1845 hadi 1849 iliua takriban watu milioni 1 na kuwafukuza wengine kiasi hicho nchini. Katika miongo iliyofuata mashamba mengi ya nafaka yaligeuzwa malisho, kwa kuwa nyama ilikuwa na soko la uhakika Uingereza. Mkulima mdogo wa magharibi, mwenye kipande cha ardhi ya mawe na kinamasi, alizalisha ndama lakini hakuwa na nyasi za kuwanenepesha. Aliwauza gulioni ili alipe kodi ya shamba na deni la duka. Aliyewanunua, moja kwa moja au kupitia mchuuzi, alikuwa tajiri wa malisho, yaani mtu aliyekodi maeneo makubwa ya nyasi, akawanenepesha wanyama na kuwasafirisha ng'ambo.

Hapa ndipo penye uchungu. Sheria ya ardhi ya mwaka 1881 ilimpa mpangaji haki fulani za umiliki na kodi ya haki. Makabaila walikwepa haki hizo kwa kukodisha malisho kwa muda wa miezi kumi na mmoja tu, ili mkodishaji asipate hadhi ya mpangaji kisheria. Ardhi bora ikabaki mikononi mwa ng'ombe, na watu wakabaki pembezoni. Mwezi Januari mwaka 1898, huko Westport katika kaunti ya Mayo, William O'Brien alianzisha chama cha United Irish League kudai malisho hayo yagawiwe wakulima wadogo. Kati ya mwaka 1906 na 1909 mapambano yaliingia hatua nyingine: usiku, wanavijiji walifungua malango ya mashamba ya matajiri na kuwaswaga ng'ombe barabarani, wakawatawanya maili nyingi.

Tarehe hizo zilinganishwe na za mchoraji. Mwaka 1898, ambao pia ulikuwa wa kumbukumbu ya miaka 100 ya maasi ya 1798, Jack Yeats alirudi Sligo na kuanza kuifanya Ireland ya magharibi kuwa maudhui yake makuu. Mwaka 1899 alionyesha picha zake mjini London na Dublin chini ya anwani iliyotaja maisha ya magharibi mwa Ireland. Mwaka 1912 alitoa kitabu cha picha, Life in the West of Ireland. Kwa hiyo miaka ya rangi zake za maji ndiyo hasa miaka ya ugomvi wa ng'ombe. Mkulima aliyesimama gulioni alimuuzia ndama mtu yule yule aliyeikalia ardhi ambayo yeye mkulima aliihitaji. Kila kofi la kiganja lilikuwa limebeba suala hilo. Kuiita hali hiyo "maisha tulivu ya shamba" ni kukosa adabu kwa waliohusika.

Fani Inashuhudia

Mtetezi wa kambi za kale anaweza kudai kwamba hii ni historia iliyobandikwa juu ya sanaa. Dai hilo linaanguka mara fani inapochunguzwa. Yeats alianza kama mchoraji wa majarida mjini London. Kazi hiyo ilimfunza mstari mzito na wa haraka, na ilimfunza kumshika mtu katikati ya tendo. Alitembea na daftari ndogo mfukoni na kuchora papo hapo. Hazina ya daftari hizo imehifadhiwa katika Jumba la Taifa la Sanaa la Ireland tangu mwaka 1996. Rangi za maji zilimfaa kwa sababu hukauka upesi na hazisamehe kusitasita. Gulio pia ni la siku moja, na halimsubiri mtu.

Matokeo yake ni picha ambazo hazina utulivu wa mandhari. Katika jadi ya Ulaya ya kuchora shamba kilimbwende, binadamu huwa mdogo: nukta chini ya mti, mchungaji kando ya mto. Yeats anapindua kipimo hicho. Mtu hujaza karatasi. The Man from Aranmore ya mwaka 1905 ina mwanamume mmoja aliyesimama gatini, na umbo lake limeizidi bahari iliyo nyuma yake. Haombi huruma, wala hakai kama pambo. Anampima mtazamaji kama mtu anavyompima mgeni ambaye huenda akawa mnunuzi. Huu ni uamuzi wa kifani, nao una itikadi ndani yake: mwanakijiji si sehemu ya mandhari, ni upande mmoja wa mapatano.

Gati na Babu Mwenye Meli

Ipo kambi ya tatu, changa kuliko hizo mbili, ambayo wanafunzi wengi wa uzamili huivutiwa kwa sababu inafanana na uhakiki wa kitabaka waliofunzwa. Hoja yake ni nyepesi. Jack Yeats alizaliwa London. Alikuwa wa jamii ya Waprotestanti. Babu yake mzaa mama, William Pollexfen, ambaye mchoraji aliishi kwake Sligo kati ya miaka minane na kumi na sita, alikuwa mfanyabiashara wa kinu na wa meli. Basi jicho lake ni jicho la mgeni na la tajiri, na picha zake ni mali ya mkoloni.

Uhakiki wa namna hii hukagua cheti cha kuzaliwa na kuiacha kazi yenyewe. Asili ya tabaka la msanii ni swali la kuanzia, wala si hukumu. Meli za akina Pollexfen zilifanya safari kati ya Sligo na Liverpool. Na biashara ya meli katika bandari za magharibi ilikuwa ni kupeleka mifugo na watu Uingereza na kurudisha bidhaa. Kwa maneno mengine, babu huyo alikuwa ncha ya pili ya kamba ambayo ncha yake ya kwanza ilikuwa shingoni mwa ndama gulioni. Mtoto aliyekulia katika nyumba hiyo aliona ncha zote mbili, jambo ambalo wasifu wengi wa kijiji hawakuliona.

Ithibati iko katika Memory Harbour ya mwaka 1900, picha ya rangi za maji ya kijiji cha Rosses Point kwenye mlango wa bandari ya Sligo. Ndani yake nyumba, meli na alama za kuongozea manahodha zimesogezwa pamoja, kinyume cha umbali wao halisi. Kaka yake mshairi aliifananisha picha hiyo na ramani ya kale, akaisoma kama kumbukumbu ya utoto. Usomaji huo unatosha kwa mshairi. Kwa mhakiki hautoshi. Ramani ya bandari ni chombo cha biashara. Picha hii inapowekwa kando ya picha za magulio, ulimwengu wa Yeats hukamilika: barabara inashuka kutoka gulioni hadi gatini, na gatini kuna chombo. Kijiji hiki hakijawahi kuwa kisiwa. Kimefungwa kwenye soko la dunia kwa kamba inayoonekana kwa macho.

Hata picha zenyewe zilipita njia hiyo hiyo. Mwaka 1904 Yeats alizipeleka New York, mji uliojaa wahamiaji wa Kiayalandi, kwa msaada wa wakili na mkusanyaji wa sanaa John Quinn. Mandhari ya gulio iliuzwa kwa watu ambao wengine wao walikuwa wametokana na wale waliosafirishwa na mfumo wa gulio.

Kile Ambacho Picha Hazikisemi

Itakuwa si haki kumtetea Yeats bila kumshtaki. Mwezi Juni mwaka 1905 gazeti la Manchester Guardian lilimtuma yeye pamoja na mwandishi wa tamthilia J. M. Synge katika maeneo ya Connemara na Mayo. Serikali ya Uingereza iliyaita "wilaya zenye msongamano", na iliyaundia bodi maalumu mwaka 1891. Jina hilo ni la kupotosha: msongamano haukuwa wa watu wengi mno bali wa ardhi finyu na mbovu waliyoachiwa. Synge aliandika makala 12, Yeats akachora. Humo mna kazi za mwani, ujenzi wa mashua, na vibarua wa barabara za misaada wakifanya kazi chini ya msimamizi.

Baada ya safari, Synge alimwandikia rafiki yake barua akikiri kwamba upo upande wa maisha ya magharibi ambao hakutaka kuugusa: mwenye duka ambaye pia ana baa, ambaye pia ni mzalendo wa jukwaani, na ambaye ana undugu na kila mwenye cheo wilayani. Mtu huyo ndiye aliyekopesha, ndiye aliyedai, na mara nyingi ndiye aliyekodi malisho. Katika rangi za maji za Yeats yeye ni nadra. Picha zimejaa wapanda farasi, waimbaji, mabaharia, watu wa sarakasi na matapeli wa michezo ya kubahatisha. Zimejaa watu walio huru, angalau kwa siku hiyo moja. Daftari la madeni halionekani.

Pengo hilo ni la kweli, na mhakiki ana wajibu wa kulitaja. Lakini kulitaja kunawezekana tu iwapo gulio limekubaliwa kuwa mahali pa bei. Anayeliona kama bustani hawezi kuuliza mwenye deni yuko wapi, kwa sababu bustanini hakuna madeni. Usomaji wa kilimbwende haumwonei mwanakijiji peke yake. Humlinda pia mdeni wake asiulizwe. Ikumbukwe kwamba Yeats mwenyewe hakukaa kimya daima. Katika Bachelor's Walk, In Memory ya mwaka 1915, iliyochorwa kwa rangi za mafuta, msichana anaweka ua mahali ambapo askari wa Uingereza waliwapiga risasi raia wa Dublin mwezi Julai mwaka 1914.

Funzo kwa Uhakiki wa Kiswahili

Msomaji wa Kenya anaweza kuuliza haya yamhusu nini. Jibu limo katika historia yake mwenyewe. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wakamba kupunguza mifugo yao. Ng'ombe walikamatwa na kupigwa mnada, na kiwanda cha nyama cha Liebig huko Athi River kilikuwa tayari kuwapokea. Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya watu hadi Nairobi kupinga. Ng'ombe, mnada, kiwanda na soko la ng'ambo: vipengele ni vile vile. Miaka kumi na mmoja baadaye, mwaka 1949, serikali hiyo hiyo ilimwagiza Joy Adamson kuchora watu wa makabila ya Kenya. Aliwachora kwa rangi za maji, kwa ustadi usiokanika, wakiwa katika mapambo yao ya jadi, kila mmoja peke yake, bila soko, bila mnada, bila mtu wa kupatana naye. Tofauti kati ya picha hizo na za Yeats si ya kipaji. Ni kwamba Yeats aliwapa watu wake shughuli, ilhali Adamson aliagizwa kuwahifadhi.

Ni jambo la kusikitisha kwamba uhakiki mwingi wa fasihi ya Kiswahili humsoma mwanakijiji kwa jicho la agizo hilo la mwaka 1949. Kila riwaya inayohamisha mhusika kutoka shamba kwenda mjini hufupishwa kuwa safari ya kutoka usafi kwenda uchafu, na mtahiniwa huandika hivyo akapewa alama. Riwaya zenyewe hazisemi hivyo. Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi Adam (1978) inaonyesha shamba kama mahali pa ukabaila na jasho. Gamba la Nyoka ya Euphrase Kezilahabi (1979) inaonyesha kijiji kikivutwa na mipango ya dola. Waandishi walikwisha kuivunja bustani; wahakiki ndio wanaoendelea kuimwagilia maji. Na katika nchi ambayo watu wameuana kwa sababu ya ardhi, kumfundisha kijana kwamba kijiji ni mahali pasipo bei wala mgogoro ni kumpeleka nyumbani akiwa amefumbwa macho.

Hitimisho

Magulio ya barabarani ya Ireland yalianza kutoweka katika miaka ya 1950, minada ya ndani ya uzio ilipochukua nafasi yake. Yeats aliendelea kulichora gulio hata baada ya kuacha rangi za maji. A Fair Day, Mayo, ya rangi za mafuta, ni ya mwaka 1925. Mwaka 2011 picha hiyo ilipigwa mnada mjini Dublin ikauzwa kwa euro milioni 1. Wapo watakaoona hapo ushindi wa sanaa juu ya biashara. Ukweli ni kinyume. Gulio limebadilisha bidhaa tu.

Mhakiki anayeziendea picha hizi, au riwaya yoyote yenye kijiji ndani yake, aanze na maswali ambayo kila mtu wa gulioni huyajua: nani anauza, nani ananunua, bei imepangwa wapi, na nani atarudi nyumbani na deni. Uzuri wa mstari na wa rangi hautapotea kwa maswali hayo. Utakuwa uzuri wa watu walio hai, si wa mapambo.